Je, maonyesho ya jukwaani kwenye bustani za burudani yameshuka ubora, au ni sisi tuliokua?

Mama wa Sakina, Arusha

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Kuna jambo linanisumbua tangu Jumatatu ya Pasaka, na ningependa kusikia mawazo ya watu wanaolijua kwa ndani kuliko mimi, hasa waliowahi kufanya kazi ya sanaa au kuendesha maeneo ya burudani hapa Arusha na Moshi.

Siku hiyo niliwapeleka wanangu wawili na mtoto wa dada yangu kwenye bustani moja ya burudani iliyo nje kidogo ya mji. Sitaitaja jina, kwa sababu nia yangu si kumharibia mtu biashara, na kwa sababu hali hiyohiyo nimeiona kwenye sehemu nyingine mbili ndani ya mwaka mmoja. Bembea zilikuwa nzima, bwawa lilikuwa safi, vyoo vilikuwa na maji. Tangazo la getini lilisema kwamba saa tisa alasiri kutakuwa na onyesho kubwa la jukwaani. Saa tisa na nusu akatoka kijana mmoja aliyevaa vazi la simba, limefumuka kwapani kiasi kwamba fulana yake ya bluu ilionekana, akasimama mbele ya spika mbili na kucheza nyimbo tatu za kurekodiwa, huku mshereheshaji akipaza sauti juu ya muziki kuwahimiza watoto wapige makofi. Baada ya dakika 10 simba akasogea pembeni kwa ajili ya picha, kila picha shilingi 5,000, na onyesho likawa limekwisha.

Mwaka 2009, nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi mjini, niliwapeleka wadogo zangu kwenye uwanja huohuo. Kulikuwa na kikundi cha watu kama kumi: wapiga ngoma watatu, wachezaji, kijana wa mironjo aliyeinama kutoka juu kabisa akamvua mdogo wangu kofia, na wanasarakasi waliojenga piramidi ya watu ambayo kileleni alisimama binti mdogo kwa mkono mmoja. Wadogo zangu walirudi nyumbani Ngaramtoni wakawa wanajaribu kusimama kwa mikono juu ya majani ya ng'ombe, hadi mama akawakemea kwa kuyakanyaga.

Safari hii watoto walichoka kabla ya wimbo wa pili kwisha. Nilipowatafuta niliwakuta, pamoja na wenzao wengi, wamekizunguka kibanda cha chipsi. Muuzaji alikuwa anageuza chipsi mayai: anafunika kikaango kwa sahani, anakipindua kwa mkupuo mmoja, kisha anaitelezesha ile chipsi mayai irudi kikaangoni upande wa pili bila kudondosha hata kiazi. Kila alipogeuza, watoto walishangilia. Nilisimama nikawatazama kwa muda mrefu, kwa sababu niliona wazi kwamba hawa si watoto wasiojua kutazama kitu. Walikuwa wanatazama kwa macho yote, ila si kule jukwaani.

Kwa hiyo nauliza. Je, ni kweli kwamba ubora umeshuka, au ni kumbukumbu za ujana zinazonidanganya? Kama umeshuka, umeshushwa na nini? Na wale waliobahatika kuziona bustani kubwa za nchi za nje watueleze kama huko nako mambo ni hayohayo.

Mpiga ngoma wa zamani, Usa River

Dada yangu, kumbukumbu zako hazikudanganyi. Nimepiga ngoma kwa miaka 16 katika hoteli za kitalii na bustani za watoto kati ya Tengeru na Moshi mjini, na inawezekana kabisa kwamba mmoja wa wale watatu uliowaona mwaka 2009 nilikuwa mimi.

Nitaeleza jinsi mambo yalivyokwenda kwetu. Kikundi chetu kilianza na watu 12. Hoteli moja ilikuwa inatulipa kwa mwezi, si fedha nyingi, lakini ilikuwa inajulikana, na kwa sababu ilikuwa inajulikana tulikutana kila Jumanne na Alhamisi asubuhi kwa mazoezi. Akaja meneja mwingine akasema tutalipwa kwa shoo. Mtu anayelipwa kwa shoo halipwi kwa mazoezi, na mwenye watoto wa kulisha hawezi kuacha kibarua cha Jumanne ili akarudie mchezo ambao tayari anaujua. Mazoezi yakafa yenyewe, bila mtu yeyote kuyafuta. Msimu uliofuata tukaambiwa tupungue tuwe wanane, kisha watano, kisha wanne na spika.

Sasa chukua ngoma kama bugobogobo ya Wasukuma, ambayo uzuri wake ni mstari mrefu wa watu wenye majembe, yanapanda na kushuka kwa pamoja kwa mdundo wa ngoma kubwa. Majembe manne hayafanyi mstari. Tulijaribu, nami nilikuwa ninaona aibu mwenyewe nikiwa ninapiga, kwa kuwa nilijua kwamba mgeni aliyeketi pale mbele atakwenda kwao akidhani hiyo ndiyo bugobogobo.

Jambo lingine ambalo watazamaji hawalioni ni moto. Ngoma ya ngozi haipigwi ikiwa baridi. Wakati wa masika hapa kwetu ngozi hunywa unyevu ikalegea, ukiipiga inatoa sauti kama umegonga gunia la mahindi. Kwa hiyo saa nzima kabla ya onyesho tulikuwa tunawasha moto wa nyasi kavu na maboksi nyuma ya jiko, tunaziinamisha ngoma karibu na ndimi za moto, tunazigeuza, tunapapasa ngozi kwa kiganja ili isije ikaungua, tunagonga katikati na ukingoni hadi ile ndogo itoe mlio mkavu unaopenya. Hoteli ilipokataza moto kwa sababu ya moshi, tulipiga ngoma baridi msimu mzima. Wageni waliendelea kupiga makofi, lakini hawakuinuka tena kwenye viti vyao kama zamani.

Halafu kuna suala la tuzo. Kutuzwa ni jambo jema na ni mila yetu, lakini kikundi kikiachwa kiishi kwa tuzo peke yake, kitacheza kile kinachotuzwa. Tuligundua kwamba mgeni hatoi fedha wakati wa mchezo mgumu, kwa sababu wakati huo anashangaa. Anatoa wakati wa kichekesho na wakati wa picha. Taratibu vichekesho na picha vikala muda wa michezo migumu, na vijana wapya waliojiunga hawakuona sababu ya kujifunza kusimama kwa mkono mmoja.

Mwaka 2020 wageni walipoacha kuja, kilichobaki kilisambaratika. Mpiga ngoma kubwa wetu sasa anaendesha bodaboda. Yule binti wa kileleni, kama ndiye ninayemfikiria, anashona nguo Tengeru na ana watoto wake.

Kijana wa Pasua, Moshi

Nawaheshimu wakubwa zangu, lakini naomba kutofautiana kidogo. Watoto wa leo wanapenda singeli na muziki wa Bongo Fleva, na nimeona kwa macho yangu watoto wakicheza kwa furaha mbele ya spika bila ngoma hata moja. Tatizo la simba yule aliyefumuka kwapani ni kwamba hakujiandaa. Mnenguaji aliyejiandaa vizuri akicheza wimbo wa kurekodiwa ni msanii kamili kama mpiga ngoma.

Msafiri wa Kijenge, Arusha

Mama wa Sakina ameuliza habari za nje, nami nina la kusema, kwa kuwa niliishi Florida kati ya mwaka 2015 na 2022 kwa masomo na kazi.

Kule kuna bustani inayoitwa Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998, na ndani yake wamejenga mji wa kubuni wanaouita Harambe, wenye kuta za mwambao na mabango ya Kiswahili. Mimi niliyezaliwa Machame nilisimama kwenye foleni chini ya kibao kilichoandikwa "Kilimanjaro Safaris", na sikujua kama nifurahi au nisikitike. Lakini sitaki kutoka nje ya mada. Katika mji huo kuna onyesho la nusu saa linalotokana na hadithi ya simba wanayoijua watoto wote duniani, Festival of the Lion King, ambalo limekuwapo tangu bustani ilipofunguliwa. Watazamaji hukaa pande nne za ukumbi, na kila upande hupewa mnyama wake: simba, tembo, twiga na ngiri. Waimbaji huimba kwa sauti zao wenyewe, na katikati huingia wanasarakasi waliovalia kama nyani, wakirushana na kuzunguka kwenye vyuma kwa namna ambayo hata mtu mzima hupanda sauti bila kujijua. Nililiona mara ya kwanza mwaka 2016, nikiwa nimekaa upande wa tembo.

Machi 2020 bustani zilifungwa kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tena Julai, na Septemba mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba itapunguza wafanyakazi 28,000 katika bustani na biashara zake zinazofanana na hizo nchini Marekani. Wasanii wa jukwaani walikuwa miongoni mwa waliochelewa kurudi kuliko wote. Onyesho la simba liliporudi mwaka 2021, lilirudi bila wanasarakasi. Nilikwenda, nikakaa tena upande wa tembo. Nyimbo zilikuwepo, mavazi yalikuwepo, lakini pale katikati palikuwa na pengo, na baba mmoja nyuma yangu alikuwa anamweleza mtoto wake kwa mikono kile ambacho kingekuwepo. Wanasarakasi walirudishwa Julai 2022, na nilifanikiwa kuwaona kabla ya kurudi nyumbani. Onyesho jingine katika bustani hiyohiyo, la habari za samaki Nemo, lilirudi mwaka 2022 likiwa limefupishwa kutoka takriban dakika 40 hadi takriban 25, na limebaki hivyo.

Ninachotaka kusema ni kwamba hata wenye fedha nyingi kuliko wote hufikia hatua ya kumpunguza msanii, na sababu inaeleweka. Mashine hununuliwa mara moja, ikafanya kazi miaka mingi. Disneyland ya California ilifungua mwaka 1963 ukumbi wa ndege wa mashine wanaoimba na kuzungumza, na ndege hao wanaimba hadi leo. Msanii anahitaji mshahara wa leo, wa kesho na wa siku ya mvua. Lakini bustani hiyohiyo imekuwa na bendi yake ya matarumbeta tangu siku ya ufunguzi, Julai 1955, na ingawa mwaka 2015 walibadili muundo wake ili wanamuziki wapige huku wakicheza, hawakuifuta. Walijua kwamba ndege wa mashine hawezi kumwona mtoto anayelia akamgeukia.

Kijana wa Pasua ana hoja kuhusu maandalizi. Ila nimwulize: yule mnenguaji aliyejiandaa, nani anamlipa siku za kujiandaa? Tunarudi palepale aliposema mzee wa Usa River.

Mhasibu wa bustani, Arusha

Nimesoma kwa makini na nimeona ni haki nijibu, kwa kuwa nafanya kazi ya uhasibu katika bustani ya watoto, si hiyo iliyotajwa, ingawa ingeweza kuwa. Naomba msinichukulie kama adui wa sanaa. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya kwa miaka mingi.

Wazazi hawaji kwa sababu ya onyesho. Nimekaa dirishani tunapouzia tiketi mara nyingi, na mzazi anauliza mambo matatu: kiingilio ni kiasi gani, bwawa lipo, na je, anaweza kuingia na chakula chake. Hakuna aliyewahi kuniuliza leo kuna kikundi gani. Majumba ya hewa ya kurukia yanajaa kuanzia saa nne asubuhi, na mtoto akitoka huko ana kiu, ananunua maji, juisi na aiskrimu. Wakati wa onyesho la sarakasi la dakika 40 watoto wote wanakaa chini na kutazama. Kwa msanii hiyo ni sifa kubwa, lakini kwenye daftari langu ni dakika 40 ambazo hakuna kinachouzwa. Simba wa dakika 10 anayepiga picha kwa fedha anaongeza mapato. Sisemi kwamba ni vizuri. Nasema ndivyo hesabu ilivyo.

Kuna pia hatari. Piramidi ya watu ikianguka mbele ya watoto 200, anayeitwa kujibu ni mwenye bustani, na bima ya wanasarakasi tulipoiulizia tulitajiwa bei iliyotufanya tufunge mazungumzo. Tukiwa na umeme unaokatika tunaongeza mafuta ya jenereta. Na msimu wenyewe ni mfupi: Pasaka, Idi, likizo za shule, na Desemba watu wanapopanda nyumbani. Miezi mingine tunalipa walinzi kulinda nyasi.

Nina swali kwa Mama wa Sakina, na nauliza kwa heshima: kama kiingilio cha mtoto kingepanda kwa shilingi 3,000 ili kikundi cha watu kumi kilipwe vizuri pamoja na siku zake za mazoezi, ungelipa? Na jirani yako angelipa?

Msafiri wa Kijenge, Arusha

Mhasibu, nashukuru kwa ukweli wako. Kuhusu kwamba watu hawaji kwa ajili ya onyesho, naomba nikupe mfano mmoja unaokwenda kinyume. Huko Vendée, magharibi mwa Ufaransa, kuna bustani inayoitwa Puy du Fou. Ilianza mwaka 1978 kama onyesho moja la usiku kuhusu historia ya eneo lao, likichezwa na wenyeji wanaojitolea, na hadi leo wanaojitolea wanahesabika kwa maelfu. Bustani ya mchana ikaongezwa mwaka 1989. Haina mitambo ya kupanda wala kuzunguka. Kilichopo ni maonyesho: mbio za magari ya farasi katika uwanja wa Kirumi, meli ya Waviking, ndege mawindo wanaoruka juu ya vichwa vya watu. Zaidi ya watu milioni mbili huingia kwa mwaka, na ni mashambani, mbali na Paris.

Najua Arusha si Vendée, na hatuna fedha zao. Ila walipoanza nao hawakuwa nazo; walianza na gofu la ngome na watu wa vijijini.

Mwalimu wa Rau, Moshi

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 27, na hili la watoto kuzunguka kibanda cha chipsi limenigusa sana. Mtoto hutazama kwa muda mrefu kitu ambacho kinaweza kushindikana. Chipsi mayai inaweza kudondoka. Binti wa kileleni anaweza kuyumba. Wimbo wa kurekodiwa hauwezi kukosea, na mtoto analijua hilo hata kama hawezi kulieleza, ndiyo maana anageuka kutafuta kitu kingine.

Mwaka 2016 nilipata nafasi ya kwenda Denmark kwa ziara ya usharika rafiki, wenyeji wetu wakatupeleka kwenye bustani ya Tivoli katikati ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843. Ndani yake kuna jukwaa la maigizo ya kimya la mwaka 1874, ambalo pazia lake ni mkia wa tausi unaokunjuka na kukunjwa, na watu bado wanasimama kwenye uwanja wa wazi kuyatazama. Lakini kilichonifanya nisahau baridi ni bendi. Watoto kama mia moja, wenye umri wa miaka 8 hadi 16, wamevaa makoti mekundu na kofia ndefu za manyoya, wakapita katikati ya watu wakipiga ngoma, filimbi na tarumbeta. Kikosi hicho kimekuwepo tangu mwaka 1844. Wasichana waliruhusiwa kuingia mwaka 2015 tu, na siku ile nilimwona mmoja, mdogo kuliko ngoma aliyoibeba, akiuma mdomo kwa kuhesabu mapigo. Wanafundishwa muziki, wanapiga kwenye bustani, na bustani inajivunia watoto hao kama inavyojivunia mitambo yake.

Nikawaza: mbona sisi tunao? Kila Jumapili hapa Moshi, sharika zetu zina vijana wa matarumbeta. Jumamosi ukikaa karibu na barabara ya kwenda Marangu utawaona nyuma ya gari la wazi wakiongoza msafara wa harusi, mashavu yamejaa, mmoja ameegemea kingo ya gari ili tarumbeta kubwa isimvute chini. Usharikani kwetu tarumbeta hiyo kubwa ina bonde ubavuni kwa sababu ilianguka siku ya mazishi kwenye mteremko wa Kibosho, na mkono wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini kijana anayeipiga anajua hasa mahali pa kuikandamiza kwa goti ili isivujishe pumzi. Wanafanya mazoezi Jumatano jioni, bure, kwa sababu wana mahali pa kupigia Jumapili.

Sisemi kwamba tarumbeta za kanisani zichukue nafasi ya ngoma, na sitaki mpiga ngoma wa Usa River afikiri kwamba nataka wasanii wafanye kazi bila ujira. Walezi wao walipwe. Nasema kwamba kijana anayepuliza tarumbeta kwa saa mbili kwenye msafara wa harusi anaweza kutembea katikati ya bembea dakika 20 akipiga, na Mhasibu hatapoteza mauzo, kwa sababu bendi inayotembea haimkalishi mtoto chini. Inamfanya aifuate. Itapita mbele ya aiskrimu ikiwa itaelekezwa kupita hapo.

Mama wa Sakina, Arusha

Nimewasoma wote, na nimesoma mara mbili maneno ya mpiga ngoma. Ndugu yangu, kama kweli ni wewe, basi mdogo wangu aliyevuliwa kofia sasa ni fundi umeme Dodoma na bado anaisimulia siku ile.

Mhasibu, umeniuliza swali la haki nami nalijibu kwa haki. Ningelipa 3,000 zaidi kwa kila mtoto, ila ningetaka tangazo la getini liandike jina la kikundi, idadi ya wasanii na muda wa onyesho, kama vile tunavyoandikiwa kina cha bwawa. Siku ile nilikwishalipa kiingilio, nikalipa na picha, kwa hiyo fedha nilikuwa nazo. Kilichonikera ni kuambiwa "kubwa" na kupewa kidogo. Jirani zangu sijui wangesema nini, kwa hiyo niliwauliza jana baada ya jumuiya. Kati ya saba, wanne walisema wangelipa, wawili walisema hapana, na mmoja alisema angelipa mara moja kwanza aone.

Uliposema kwamba hakuna anayeuliza dirishani ni kikundi gani kipo, nilijikagua nikaona nami sikuuliza. Mwaka 2009 hatukuwa na haja ya kuuliza kwa sababu ngoma zilisikika tangu barabarani. Ni ngoma zilizotuingiza ndani, kabla hatujaona bembea hata moja.

Mhasibu wa bustani, Arusha

Hilo la kusikika barabarani sikuwahi kuliweka kwenye hesabu, na nakiri kwamba nilipaswa. Nitalipeleka kwa mwenye bustani pamoja na wazo la Mwalimu la bendi inayotembea. Siwezi kuahidi kwa niaba yake. Nitakachopendekeza ni Jumamosi moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, wasanii wasiopungua wanane, dakika 35, malipo yatolewe kabla ya onyesho na yahesabu siku mbili za mazoezi. Piramidi ya watu iwe ya ngazi mbili tu hadi suala la bima lieleweke. Mpiga ngoma, ukikubali hilo la ngazi mbili, niambie. Na kuhusu moto, tunao uwanja wa nyuma karibu na tangi la maji ambako moshi haumsumbui mtu.

Mpiga ngoma wa zamani, Usa River

Ngazi mbili zinatosha kuanzia. Binti wa kileleni tuliyekuwa naye alianzia hapohapo. Wa zamani nimewapata watano kwa simu tangu jana, na yule wa bodaboda amesema Jumamosi ataegesha pikipiki. Vijana watatu tutawatafuta, na nawaomba wawe watu wa kukaa, kwa sababu mkono wa ngoma hauji kwa wiki mbili. Aliyenifundisha mimi alisoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo, chini ya walimu waliotoka katika vikundi vya taifa vya ngoma na sarakasi, na alinikalisha na ngoma ndogo mwaka mzima kabla ya kuniruhusu niiguse ya kati.

Ngoma ninazo mbili nzima. Ya tatu, ile ndogo ya mlio mkavu, ngozi yake ilipasuka ukingoni mwaka juzi na panya wakamalizia. Inahitaji ngozi ya mbuzi, mbichi, isiyochunwa kwa haraka ikatobolewa, na siku mbili tatu za jua ili ikauke ikiwa imewambwa. Kama kuna mwenye shughuli wiki hii, Usa, Tengeru au hata Moshi, naomba aniwekee ngozi, nitaifuata mwenyewe.